Kupima poda kama inashika moto haraka: kalibu, kiberiti na zile sekunde 45

Salfa ya unga, nafthalini, poda ya silva ya kuchanganyia rangi, unga wa utomvu wa msonobari kutoka Mufindi, vyote ukiviona kwenye kiroba vimetulia tu kama sembe. Shida inaanza siku unataka kupakia kwenye lori la Tunduma, mtu wa usafirishaji anakuuliza huu mzigo ni daraja gani, na ukimwambia "hauwaki sana bosi" anakucheka. Mi nafanya kazi maabara hapa Mbeya miaka kadhaa sasa na hiki kipimo nimekifanya mara nyingi, nimekikosea mara nyingi pia, basi ngoja nieleze kinavyofanyika kwa mtu mwenye maabara ndogo na vifaa vya kuungaunga, maana vifaa vyake sio vya bei mbaya kabisa, kinachosumbua ni mkono wa mpimaji.

Kwanza jina. Kwenye kitabu cha Umoja wa Mataifa cha vipimo na vigezo kinaitwa Kipimo N.1, na kazi yake ni moja tu, kujua kitu kigumu kikishika moto, moto unasambaa kwa kasi gani. Kikisambaa kwa kasi kinaingia daraja 4.1, la vitu vigumu vinavyowaka, ile lebo ya mistari ya wima nyeupe na nyekundu yenye mwali mweusi juu yake, wote mmeiona kwenye malori pale Uyole. GHS, ule mfumo wa dunia wa kupanga na kuweka lebo za kemikali, nayo inatumia kipimo hichohicho kwa ajili ya lebo za kwenye pakiti. Hapa kwetu kemikali za viwandani na majumbani zina sheria yake ya 2003 na anayesimamia ni Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya kanda ipo hapahapa Mbeya, kwa hiyo kipimo utakachofanya mwenyewe kinakusaidia kujua mzigo wako na kujiandaa, ila cheti usijiandikie, nenda kwao.

Kabla hujagusa kiberiti kuna kazi ya kusoma. Hiki kipimo sio cha kila unga. Kama kitu kina tabia ya kulipuka, au ni kilipuzi kilichozimwa kwa kuloweshwa maji, au kinajivunja chenyewe kikipata joto, hutakiwi kukiwekea moto mezani, kina vipimo vyake vingine. Mbolea ya amonia nitreti ni kioksidishaji, yaani inavipa vitu vingine oksijeni ya kuungulia, iko daraja 5.1, usiilete huku. Kabidi ya mafundi gesi inapigana na maji, hiyo ni 4.3. Vumbi la mkaa shida yake kubwa ni kujipasha moto lenyewe likirundikwa, linapimwa kwenye oveni ya nyuzi 140 kwa masaa 24 ndani ya kijikapu cha waya, ni habari nyingine kabisa. Na hii naisema kwa sauti maana watu wa viwanda vya mbao Mafinga wananiuliza kila mara: N.1 haikwambii chochote kuhusu vumbi likiwa hewani. Vumbi la mbao au la mahindi linaweza kugoma kabisa kuwaka likiwa limelala kwenye kigae, alafu hilohilo likitimuka ndani ya chumba kilichofungwa likakutana na cheche likabomoa ukuta. Ukifaulu N.1 usiende kumwambia bosi wako mashine hazihitaji feni ya kunyonya vumbi.

Kwa hiyo soma SDS, ile karatasi ya usalama ya kemikali, angalia fomula, na kama hujui kitu chenyewe anza na kidogo sana, ncha ya kijiko cha maabara, kiweke kwenye kipande cha kigae ndani ya fyumu chemba (lile kabati la maabara lenye feni ya kuvuta moshi), vaa miwani na ngao ya uso, sogeza moto. Kikipasuka, kikipiga mlio, kikiruka, umemaliza kazi kwa siku hiyo, funga chupa peleka kwa wenye uwezo mkubwa kuliko wewe. Kikiwaka kwa utulivu au kisipowaka, endelea.

Sasa kipimo chenyewe kina hatua mbili, ya kuchuja na ya kupima kasi. Ya kuchuja ni rahisi na itakuokoa muda, poda nyingi zinaishia hapo. Unatandaza poda kwenye kigae kwa mstari usiokatika, urefu milimita 250, upana 20, kimo 10. Moto wa gesi wenye joto lisilopungua nyuzi 1000, mdomo wa bana, yaani kichomeo cha gesi, usiwe chini ya milimita 5, unaupeleka kwenye ncha moja mpaka poda ishike, au mpaka dakika 2 ziishe. Kama ni poda ya metali unaipa dakika 5. Alafu unaangalia moto unatembea vipi: kama haujafika milimita 200 ndani ya dakika 2 (kwa metali dakika 20) basi kitu chako sio 4.1, andika, funga, nenda kanywe chai. Kama umefika, unakuja hatua ya pili na hapo ndo watu wanapochemka.

Hatua ya pili inataka kalibu. Mfereji wa urefu wa milimita 250, ukiukata kwa upande unaona pembetatu, kina 10, upana wa juu 20. Pembeni kuna bati mbili zinazosimama kwa urefu wake, zinapita ukingo wa juu kwa milimita 2. Za dukani zipo za kuagiza nje lakini mi nilikaa nikaziangalia hizo namba nikaona kitu: kina 10 na upana 20 maana yake ni pembe mraba, yaani ni engo aini ya kawaida kabisa ile ya kutengenezea madirisha, umeilaza mgongo chini. Ukitaka engo yenye vipimo sahihi kila ubavu kwa ndani uwe milimita 14 na kidogo. Nikachukua kipande kwa fundi, akanikatia, akaziba ncha mbili, akanifungia bati za pembeni kwa skrubu ili zitoke kirahisi, hela ya vocha tu.

Nikaanza kazi nayo. Ilikuwa ni mchanganyiko wa unga wa utomvu na vumbi la msonobari, mtu anataka kuuza kama kiwashio cha mkaa. Jaribio la kwanza moto ukaenda vizuri, ukafika katikati ukasita, ukajikongoja, ukaendelea. La pili hivyohivyo. La tatu hivyohivyo, na pale pale. Nikaanza kujenga nadharia kichwani, sijui unyevu, sijui utomvu unayeyuka unazima. Nusu siku imepotea. Nikaja kupitisha kidole ndani ya ile kalibu chini kabisa kwenye kona, nikakuta kinundu cha weldi kama punje ya mchele. Kalibu ukishaijaza poda unaipindua juu ya kigae, kwa hiyo ile kona ya chini ndo inakuwa mgongo wa rundo, sasa pale penye kinundu mgongo unatoka na pengo, na moto kwenye rundo la hivi unapenda kutembea juu mgongoni. Nikapiga tupa dakika 5, tatizo likaisha. Kwa hiyo kabla ya yote pitisha kidole, na pima kwa rula ya chuma kila upande, usimwamini fundi wala usijiamini wewe.

Hesabu ya sampuli: eneo la hiyo pembetatu ni milimita mraba 100, mara 250 unapata mililita 25 kwa kila mjazo. Unafanya mara sita, kwa hiyo ni mililita 150, weka na ya kumwaga na ya kubaki kabatini, omba mteja akuletee nusu lita hivi. Na achukue juu, katikati na chini ya kiroba achanganye, maana mzigo ukitoka Dar kwa lori mpaka hapa, njia nzima ya kitonga inautikisa, vumbi laini lote linashuka chini na hilo laini ndo linalowaka haraka.

Alafu ipime kama inavyouzwa. Hapa nagombana sana na vijana wanaokuja field. Mtu anakuta chengachenga anaona zitasumbua kwenye kalibu, anachukua kinu anasaga. Ukisaga umepima kitu kingine. Salfa ni mfano mzuri, ya unga iko daraja 4.1, ina namba yake UN 1350, lakini salfa hiyohiyo ikishatengenezwa kuwa punje, vidonge au magamba kanuni za usafirishaji zinaiachia, kemikali ni ileile, umbo ndo limebadilika. Usikaushe pia kama haiuzwi imekaushwa, na usiiache wazi. Nimewahi kufungua chupa asubuhi Tukuyu msimu wa mvua nikaenda kupiga stori, kurudi poda imeshakula unyevu inashikana kama sukari guru. Inayovuta maji ifungue, jaza, washa, usizubae.

Kujaza. Mimina kwa kijiko, ianguke yenyewe, usishindilie, usigongegonge na kidole. Ikijaa, inyanyue kalibu milimita 20 juu ya meza ngumu uiachie idondoke. Mara tatu. Mi nimekata kipande cha ubao cha unene huo naweka pembeni kama kipimo cha jicho, maana mkono ukichoka milimita 20 inakuwa 40 bila kujua, na poda iliyoshuka sana inabana, hewa ndani yake inapungua, moto unakwenda pole. Baada ya madondosho matatu ikipungua jazia. Toa zile bati za pembeni, kwangua ya juu kwa rula ikae sawa. Weka kigae juu, shika vyote viwili kwa nguvu kama unapindua ugali kwenye sahani, geuza, alafu nyanyua kalibu taratiibu kwenda juu moja kwa moja. Inatakiwa ubaki na kitu kama paa la nyumba, urefu wote, bila ufa. Likimeguka usilibandike, mwaga anza upya. Kama ni ujiuji au gundi hauhitaji kalibu, unaivingirisha kama kamba ya urefu huohuo, ukiikata kwa upande eneo lake liwe milimita mraba 100, sawa na kidole chembamba.

Kigae kiwe kisichopitisha wala kunywa kitu, kisichoungua, kisichovuta joto. Vigae vya sakafuni vya kung'aa vinafaa ila vinapasuka kwenye moto, kwa hiyo nunua vingi vya vipande, na kila jaribio kigae safi kilichopoa. Ukiweka jaribio la pili juu ya kigae cha moto umeshaisaidia poda yako. Jipsam hapana, ina karatasi. Bati hapana, linanyonya joto. Na yale mabati ya zamani ya asbesto msije mkayakata, yaacheni yalipo.

Chora kwa penseli pembeni ya rundo, ukipima kutoka ncha utakayowasha: milimita 80, 180, na 215. Ile 80 ya kwanza ni ya moto kupata akili, huhesabu. Kutoka 80 hadi 180 ndo unahesabu, milimita 100. Ile 215 ni sehemu ya maji, nitaifikia.

Upepo. Hapa Mbeya mwezi wa sita wa saba upepo unaoshuka kutoka Loleza unaingia kwenye kila tundu, na mi nilishawahi kupata majibu mawili ya poda moja, asubuhi imepita mstari na mchana haijapita, kumbe mchana mtu kafunga dirisha. Fanya ndani ya fyumu chemba, feni iwashwe mapema na spidi yake usiiguse mpaka majaribio yote sita yaishe, iwe ya kutosha kuvuta moshi usije chumbani, hewa iende mbali na wewe. Usizime feni eti rundo litulie, salfa ikiwaka moshi wake ni ule unaokaba koo na kama una pumu utaiona siku yako. Tena kwenye ripoti andika joto la chumba, unyevu, na kwamba upo kwenye mwinuko wa mita kama 1700. Hewa ya huku ni nyepesi, oksijeni kwenye kila pumzi ni kidogo kuliko ya Dar, na anayesoma ripoti yako akiwa Kurasini hawezi kujua hayo kama hujamwambia.

Moto wenyewe uwe mdogo lakini mkali, nyuzi 1000 kwenda juu, au waya uliopashwa mpaka joto hilohilo, pima kwa thamokapo (kipima joto cha waya) kama unayo. Kibatari usijaribu. Tochi ya gesi ya mafundi friji inafaa ila ishushe, ukiifungulia yote inapuliza poda yote inaruka na hilo ndo lile vumbi hewani nililosema juu, usilitengeneze mwenyewe. Gusa ncha moja tu, ikishika ondoa moto.

Sasa shika stopwochi, ya simu inatosha, ila mwingine ndo aishike, we angalia mstari. Moto ukigusa 80 sema "sasa", ukigusa 180 sema "sasa". Zima taa kama ni salfa, mwali wake ni wa buluu hafifu, kwenye mwanga wa mchana huuoni kabisa unaona tu poda inayeyuka, na vijana wengi wanahesabu ule uji wa njano unaotiririka mbele wakidhani ni moto. Unaohesabiwa ni mwako.

Hesabu haina makuu. Ikitumia chini ya sekunde 45 kupita hizo milimita 100, au kasi ikizidi milimita 2.2 kwa sekunde, ni 4.1. Mfano sekunde 38: 100 gawa kwa 38 ni 2.6, imeingia. Sekunde 52: 1.9, haijaingia. Unafanya mara sita, lakini ikiingia hata mara moja imeingia, hakuna cha kutafuta wastani. Mteja atakwambia "lakini mara tano ilikuwa 50 kaka", mjibu kwamba lori halitaungua kwa wastani.

Na maji. Kwa poda isiyo ya metali, kabla ya kuwasha unadondosha mililita 1 ya maji juu ya mgongo wa rundo, milimita 30 mpaka 40 mbele ya mwisho wa eneo la kuhesabia, ndo ile alama ya 215. Sirinji ya insulini ya duka la dawa ni mililita 1 kamili, toa sindano, tone moja moja, yote yazame humohumo yasitiririke pembeni. Poda zenye mafuta, kama hii ya utomvu, zinayakataa maji yanaviringika kama kwenye jani la mgimbi. Hapo unaruhusiwa kuweka sabuni kidogo kwenye maji, isiyo na spiriti ndani, na isizidi asilimia 1, na unaruhusiwa kuchimba kishimo juu ya mgongo, kina milimita 3 na upana 5, maji yakae humo. Moto ukiliruka eneo lililolowa ukaendelea, kitu ni kundi la ufungashaji II (makundi haya yanaonyesha ukubwa wa hatari, II ni kali kuliko III), kwenye GHS ni kategoria 1, lebo inaandikwa "Hatari". Maji yakiuzuia angalau dakika 4, ni kundi III, kategoria 2, lebo "Onyo". Hesabu hizo dakika 4 kweli, usiondoke, nimeona moto umekaa kimya dakika 2 ukifukuta chini chini alafu ukatokea upande wa pili.

Metali ni dunia nyingine. Poda ya aluminiamu, magnesi na jamaa zao, hakuna kuweka maji, hakuna sekunde 45. Unawasha unahesabu rundo lote zima, urefu wote: moto ukimaliza ndani ya dakika 5 ni kundi II, ukizidi 5 mpaka 10 ni kundi III, ukizidi 10 poda imetoka kwenye 4.1. Ndoo ya mchanga mkavu iwe mkononi, mkavu kweli sio ule uliochota nje jana mvua imenyesha, na mtungi wa maji uutoe chumbani kabisa ili mtu akipaniki asiwe na cha kukimbilia. Usikodolee ule mwanga mweupe. Nguo iwe ya pamba, hizi jezi za mpira zinayeyukia mwilini.

Ile ya utomvu baada ya kupiga tupa kalibu nikairudia yote sita na vigae vipya. Mwenye mali alikuwa amekaa nje kwenye benchi anasubiri niseme imetoka. Ya kwanza mpaka ya tatu ilipita juu ya 45, ya nne ikaja 43, na maji yakauzuia moto, nimekaa nayo dakika 4 na nyingine za nyongeza. Nikamtolea karatasi: 4.1, kundi III, aende nayo kwa Mkemia Mkuu akaanze usajili, na abadilishe viroba. Alinuna kidogo, akauliza akipunguza utomvu je? Nikamwambia alete nusu lita nyingine, juu, katikati na chini ya kiroba.